"Hiki ni Kiti cha Babu Yenu?"

Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika chakula cha jioni cha kuchangia jengo la wazazi la zahanati yetu

   

Kamati ya maandalizi iliponipigia simu mwezi wa tisa, iliniomba nizungumzie familia zilizotumikia umma kule kwetu, kizazi baada ya kizazi. Nilikubali haraka nikidhani ni kazi nyepesi. Nitawataja wazee, mtapiga makofi, tutakula. Wiki mbili baadaye nikaletewa barua. Ilisema lipo pendekezo kwamba jengo la wazazi tunalolichangia leo lipewe jina la babu yangu, kwa kuwa yeye alikuwa mchili, mwanawe akawa mwenyekiti wa kijiji, na mjukuu wake, ambaye ni dada yangu, akawa diwani. Vizazi vitatu, ikasema barua, na si haba. Mwenyekiti, barua ile sijaijibu mpaka leo. Naomba niijibu hapa mbele ya wanachama, kwa sababu fedha ni zenu.

Kwanza niseme kidogo kwa ajili ya vijana waliozaliwa Kimara na Mbezi, ambao nyumbani wanakujua kwa mwezi wa kumi na mbili tu, kwa foleni ya magari na mbuzi wa Krismasi. Mchili alikuwa mkubwa wa mtaa. Juu yake alikuwepo Mangi. Mchili ndiye aliyekusanya kodi. Ndiye aliyeamuru pembe ipigwe asubuhi watu watoke kwenda msaragambo, kuzibua mfongo au kutengeneza barabara. Ndiye aliyesikiliza ugomvi wa mpaka wa kihamba kabla haujafika kwenye baraza la Mangi. Alikuwa hakimu mdogo, mtoza kodi, msimamizi wa maji na mleta habari mbaya, yote katika koti moja. Koti lenyewe nalikumbuka. Lilikuwa la kaki, limetundikwa nyuma ya mlango, na sisi watoto tulikatazwa kuligusa hata baada ya kazi yenyewe kufutwa.

Lakini ukitaja familia na uongozi mbele ya watu wa Marangu, jina la kwanza kutajwa si la kwetu. Ni la Marealle. Historia yao iko wazi vitabuni, kwa hiyo nitaanza nao. Ni rahisi zaidi kusema ukweli wa nyumba kubwa kabla ya kusema ukweli wa nyumba yako mwenyewe.

Mangi Marealle wa kwanza alitawala Marangu Wajerumani walipoingia. Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, safari yao ilianzia Marangu kwa Mangi huyo. Alikuwa mtu aliyesoma upepo mapema. Aliona nguvu iko wapi, akajiweka karibu nayo, na himaya yake ikakua kuliko ukubwa wa Marangu yenyewe. Tukiwa watoto tulisimuliwa sehemu hiyo tu: Mangi mwenye akili, aliyeiepusha nchi yake na vita. Sehemu ya pili tuliisikia tulipokwenda kusoma na watoto wa Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na wanahistoria wameandika kwamba Marealle alikuwa na mkono katika maneno yaliyowafikia Wajerumani kabla ya siku ile. Watu wa Old Moshi hawajasahau, na tarehe hiyo wanaikumbuka hadi leo. Nakumbuka mwenzangu wa bwenini akiniuliza natoka wapi. Nikamjibu kwa fahari: Marangu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Aa, kwa Marealle." Jinsi alivyolitamka jina lile sivyo nilivyozoea kulisikia nyumbani.

Sisemi haya kumhukumu mzee aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nasema kwa sababu sisi wenyewe ndio tunaopenda kusoma orodha ya viongozi wa ukoo kama orodha ya waliofaulu mtihani. Jina moja linaweza kuwa baraka upande huu wa mto na msiba upande wa pili.

Ukoo ule haukuishia hapo. Petro Itosi Marealle alikuwa Mangi wa Marangu, na utawala ulipopangwa upya mwaka 1946, Uchaggani pakawekwa waitori watatu: Abdiel Shangali kwa Hai, John Maruma kwa Rombo, na yeye Petro kwa Vunjo. Mimi namheshimu mzee huyu kwa jambo jingine kabisa. Pamoja na kesi, kodi na vikao, alikaa akaandika kitabu kwa Kiswahili, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Mila nyingi ambazo leo vijana wetu wanazitafuta kwenye simu, yeye aliziandika wakati wazee waliozijua walikuwa bado hai na wanaweza kumsahihisha. Cheo cha mwitori hakipo tena. Kitabu kipo.

Kisha akaja Thomas Marealle, mjukuu wa yule Mangi wa kwanza, kijana aliyesoma London School of Economics. Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi wetu tunasimulia vibaya. Thomas hakurithi cha Mangi Mkuu. Cheo hicho hakikuwepo kukirithi. Watu wenyewe, wakiongozwa na Chama cha Raia wa Kichagga cha akina Petro Njau, walichoka na mpango wa waitori, wakadai mkuu mmoja wa Wachagga wote. Mwaka 1951 wakamchagua, na mwaka 1952 akasimikwa. Ukoo ulimsogeza karibu na mlango, lakini kura ndiyo iliyomwingiza ndani.

Miaka iliyofuata ndiyo wazee wetu walioko hapa wanaizungumza macho yakiwaka. Kahawa ilikuwa na bei. KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa ushirika unaojulikana hata nje ya nchi. Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya. Tarehe 10 Novemba ikawa Siku ya Wachagga. Fedha za kahawa ziligeuka madarasa na zahanati. Mwaka 1957 Mangi Mkuu alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Babu yangu alikuwa mchili chini yake, na kwa jinsi alivyosimulia safari ile ungedhani na yeye alikuwepo ndani ya ndege.

Lakini watu walewale waliomwita ndio walioanza kuuliza maswali. Vijana waliosoma, wakiongozwa na Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame, walisema kiongozi wa Wachagga awe rais anayechaguliwa. Mwaka 1960 watu wakapiga kura, na wengi wakasema wanataka rais wa kuchaguliwa. Eliufoo akashika nafasi hiyo, na baadaye akawa Waziri wa Elimu wa nchi hii. Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima, na hapo mchili naye akaenda na maji.

Ninachotaka mkione ni hiki. Kwa miaka zaidi ya sabini, jina la Marealle lilikuwa na kiti. Siku kura ilipokiondoa, hakuna kihamba kilichochomwa moto, hakuna mtu aliyelala msituni. Thomas Marealle aliishi hadi mwaka 2007, raia kama wengine. Katika mambo yote aliyofanya, nadhani lile la kuondoka ndilo tunalolizungumza kidogo kuliko yote, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Sasa nije nyumbani kwetu.

Babu yangu alikuwa mtu wa haki, kila mtu anasema hivyo, na mara nyingi ilikuwa kweli. Alikuwa na daftari ambalo bado tunalo, lenye majina ya walipa kodi wa mtaa, mwaka kwa mwaka, kwa mwandiko wa penseli ulionyooka. Hakula fedha ya mtu. Alikufa na kihamba kilekile alichoachiwa na baba yake, hakuongeza hata mgomba mmoja wa jirani. Hilo nalisema kwa fahari, kwa sababu wapo waliokuwa na vyeo kama chake na vihamba vyao vikanenepa.

Lakini katika daftari lile upo mstari mmoja. Jina la mwanamke mjane, halafu: "hakutoka msaragambo siku tatu, mbuzi 1." Basi. Ndivyo sheria ilivyokuwa: asiyetoka kuzibua mfongo anatozwa, na mbuzi analiwa na waliofanya kazi. Mama yule alikuwa na homa. Mwanawe mkubwa alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu kule tambarare. Mbuzi alikuwa mmoja, na alikuwa na mimba. Babu aliyajua yote hayo, maana nyumba zao zilitenganishwa na mfereji tu. Alimchukua mbuzi yule kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa amemtoza mtu mwingine, na aliogopa kuambiwa anapendelea majirani.

Mbuzi akachinjwa pale kwenye banio la maji. Babu naye akala.

Mimi sikuijua habari hii mpaka miaka ya themanini. Mtakumbuka halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na zikarudishwa mwaka 1984 baada ya sheria za 1982. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa muda mrefu, na wakati ule watu wakamwomba agombee uenyekiti wa kijiji. Mkutano ulifanyika chini ya mti wa mruka pale shuleni. Ilipofika nafasi ya maswali, akasimama mzee mmoja wa makamo, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi sina neno na mgombea. Nauliza tu mbuzi wa mama yangu yuko wapi."

Watu wengine walicheka. Wazee hawakucheka. Baba yangu alisimama pale mbele, hakujibu kitu, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Sikuelewa swali, lakini niliona wazi kwamba baba yangu amelielewa. Msimamizi akaahirisha mkutano kwa wiki mbili. Sababu aliyoitoa ilikuwa mvua, ingawa mvua haikuwepo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba aliniambia nimshike mbuzi. Alikuwa jike, mwenye mimba. Alimtafuta sokoni kwa makusudi siku mbili nzima. Mama akabeba mtungi wa mbege. Baba mwenyewe alishika jani la isale. Vijana, mkiona isale imepandwa mpakani mwa vihamba msidhani ni ua la kupendezesha uzio. Mtu akikujia na jani lile mkononi, amekuja kuomba msamaha, na kwa mila zetu si rahisi kumkatalia. Tulivuka mfereji. Ni hatua kama thelathini, lakini sikumbuki safari ndefu kuliko ile. Baba alisimama mlangoni akasema, "Baba yangu alimchukua mbuzi wa mama yako wakati mama anaumwa. Alijua kwamba anaumwa. Mimi nimekula nyumbani kwake maisha yangu yote, kwa hiyo na mimi nimemla mbuzi yule."

Yule mzee alilipokea jani. Alimpokea mbuzi. Mbege ikanywewa mpaka jioni. Na kwenye uchaguzi, nasikia, hakumpa baba kura. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, akicheka: msamaha nilimpa, kura ni kitu kingine.

Baba alishinda bila kura ile, akakaa kwenye uenyekiti mpaka mwaka 1994. Hakulipwa mshahara, maana mwenyekiti wa kijiji halipwi mshahara, jambo ambalo ninyi mnaosema "viongozi wa vijiji wanakula" huwa mnalisahau. Mama yangu ndiye aliyelipa gharama za uenyekiti ule, kwa chai, ndizi na taa ya mafuta iliyowaka mpaka usiku wa manane kwa sababu watu wawili hawakubaliani juu ya zamu ya maji. Na nisifiche: baba naye alitumwa kukimbiza vijana kwa ajili ya kodi ya maendeleo, ile ambayo watu waliiita ya kichwa na ambayo ilikuja kufutwa mwaka 2003. Aliwakimbiza vijana wa jirani migombani kama baba yake alivyowakimbiza baba zao. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatembea taratibu sana na kukohoa kwa nguvu kabla ya kufika nyumba ya mtu. Mtendaji aliwahi kumlaumu kwa kikohozi kile.

Kitu kimoja alikishika kuliko vyote: mkutano wa kijiji wa kila miezi mitatu, na kusoma mapato na matumizi kwa sauti. Hata kama mapato ni mchango wa misumari. Alikuwa akisema mtu akishasoma hesabu mbele ya watu mara moja, akiacha kusoma mara ya pili atakuwa ameshtaki nafsi yake.

Dada yangu aliingia udiwani kwa viti maalum mwaka 2005, akakaa vipindi viwili. Yeye yupo hapa, meza ya tatu, na ameniruhusu niseme. Nyumba yetu ilimsaidia, asikudanganye mtu. Wengine walioingia naye walihitaji mwaka mzima kuelewa kamati ya maendeleo ya kata inaendeshwaje, muhtasari unaandikwaje, barua ya mkurugenzi inajibiwaje. Yeye alikua akilala chumba cha pili kutoka kwenye vikao. Alijua ni ukoo gani uliochimba mfongo upi, na kwa hiyo alijua kwa nini watu fulani hawatakaa benchi moja. Hiyo ni mali. Ni kama mtoto wa fundi seremala anayejua mbao kwa kunusa.

Lakini nyumba ileile ilitufundisha na ubaya. Tulizoea kupewa kiti msibani tukifika tumechelewa. Tulizoea chakula chetu kutengwa pembeni. Tulizoea mtu akitukosoa tuseme, "Huyu anasumbuliwa na nini?" badala ya kuuliza amesema nini. Dada yangu alipotaka kugombea kwa mara ya tatu, safari hii kata nzima, mama mmoja alisimama kwenye kikao akamuuliza: "Hiki ni kiti cha babu yenu?"

Aliumia sana. Alinipigia simu usiku akilia. Mimi, kwa ujinga wangu wa mtu anayekaa Dar es Salaam, nikamwambia asijali, ni wivu. Yeye ndiye aliyenijibu. Akasema, "Kaka, si wivu. Yule mama ana binti mwalimu, anajua kazi kuliko mimi, na kila mwaka wa uchaguzi anaambiwa asubiri kwa sababu mimi nipo." Akakaa kimya. Kisha akaniuliza, "Baba angefanyaje?" Sikuwa na jibu. Fomu hakurudisha. Yule binti mwalimu alijaribu mwaka ule akashindwa na mtu mwingine kabisa, kwa hiyo msidhani nawaletea hadithi iliyopangwa vizuri. Mambo ya kura hayapangiki.

Sasa, Mwenyekiti, barua yako.

Jibu letu kama familia ni hapana. Tulikaa kikao siku ya Jumapili, watu kumi na mmoja, wawili kwa simu kutoka ng'ambo, na hakuna aliyepinga ila shangazi, ambaye anasema babu alistahili angalau wodi moja. Tunashukuru kwa heshima mliyotupa, na najua waliopendekeza walikuwa na nia njema. Lakini akina mama watakaojifungulia pale wamo wajukuu na vitukuu vya yule mjane wa ng'ambo ya mfereji. Sitaki mjukuu wake alale na uchungu usiku, atazame juu ya mlango, asome jina la aliyemla mbuzi wa bibi yake. Baba alipeleka jani la isale mara moja. Sisi tukiweka jina lile ukutani itabidi tupeleke jani kila siku.

Liitwe Jengo la Wazazi. Wote wanaokwenda pale wanakwenda kwa kazi hiyo.

Badala ya kibao cha jina, tunaomba kiwekwe kibao cha pili, ambacho familia yetu itakilipia, chenye hesabu: tumepokea kiasi gani, tumenunua nini, kimebaki nini, na saini za mhazini na mtendaji. Kibadilishwe kila miezi mitatu mpaka jengo liishe. Najua kamati haikupenda wazo hili nilipolidokeza kwenye simu. Niliambiwa, "Mzee, hesabu zinasomwa kwenye mkutano mkuu." Ndiyo, zinasomwa, hapa Dar es Salaam, hotelini, mara moja kwa mwaka, baada ya chakula, watu wakiwa wanatafuta funguo za magari. Yule aliyebeba mchanga kichwani kutoka mtoni hayupo. Msaragambo wake haumo kwenye kitabu chetu kabisa, ingawa msingi wote ulichimbwa na wao kabla sisi hatujatoa hata senti.

Na hili ni la mwisho, linahusu Chama chenyewe. Nimeona kwenye karatasi za uchaguzi wa mwezi ujao kwamba jina langu limeandikwa kwa nafasi ya mhazini, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu: "familia ya viongozi." Sikuombwa, na mimi sikuomba. Naomba liondolewe. Wapo vijana wawili wahasibu kule nyuma, mmoja ndiye amesimama karibu na spika, hawajawahi kuulizwa hata siku moja kama wangependa kazi hiyo, kwa sababu baba zao walikuwa vibarua wa mashamba na hakuna anayewafahamu kwenye meza hii ya mbele. Mmoja wao ndiye aliyegundua mwaka jana kwamba risiti za saruji zimejumlishwa mara mbili. Kamati ilimshukuru kwa barua. Mimi ningempa kitabu.

Kuhusu mchango: familia yetu itatoa mabati ya paa lote, geji 28, na tutayanunua wenyewe Moshi mjini na kuyafikisha pale, risiti ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa Chama. Dada yangu atasimamia upakuaji. Kilichobaki ni saruji ya sakafu, madirisha, tangi la maji na vitanda vya kujifungulia, na hivyo ndivyo tunavyowaomba ninyi.

Fomu za ahadi wanazo akina mama wawili pale mlangoni. Ukiandika kiasi, andika na tarehe utakayolipa, maana ahadi za mwaka juzi bado tunazo kwenye faili, na baadhi ya walioahidi nawaona hapa wamevaa suti nzuri sana. Mgeni Rasmi atatangulia, kisha meza zitaitwa kwa namba. Naambiwa mtori unapoa.